Samahani kutoka Chumba Namba Sita

"Mapazia yako yatakuwa tayari kesho, saa mbili kamili asubuhi," sauti ya mwanamke ilisema kwenye simu. "Yale mekundu. Njoo uyachukue mwenyewe."

Imogen Thrale aliibana simu kwa bega, akaendelea kupaka jemu kwenye skonzi.

"Na fundi?"

"Atakuja na mbwa. Asiguswe mpaka awe na kitambaa mkononi."

Simu ikakatika.

Nyumbani kwake hakukuwa na dirisha hata moja lililohitaji pazia. Sauti ile ilikuwa ya Bi Pargeter, mkuu wa kitengo chake cha ujasusi, na maana yake ilikuwa hii: kesho asubuhi mlanguzi wa silaha Tobias Crake angefika kwenye kibanda chekundu cha simu karibu na kanisa la mji mdogo wa Rye. Kibanda hicho kilikuwa hakina simu tangu zamani. Wenyeji walikijaza rafu za vitabu, wakabandika sheria moja mlangoni: chukua kitabu, acha kitabu. Ndani ya kitabu kimojawapo, na hakuna kitengoni aliyejua ni kipi, mhandisi mmoja msaliti alikuwa ameficha kadi ndogo kuliko ukucha. Kadi hiyo ilibeba namba za siri za kuzima rada za pwani yote ya kusini kwa saa sita.

Saa sita zinatosha kuingiza mashua thelathini za silaha.

Clement, mumewe, alimtazama juu ya kikombe cha chai.

"Kazini?"

"Duka la mapazia."

"Jumamosi? Watu wana bidii hao." Akamsogezea bakuli la malai. "Kula, Imo. Tuko likizo."

Imogen alikula.

Clement Thrale alikuwa mwalimu wa useremala, mtu mpole wa miaka hamsini na miwili, na mwezi wa tatu alikuwa amepasuliwa moyo. Daktari alimwambia atafute mahali patulivu, apumzike na mkewe. Miezi mitano Imogen aliahidi, miezi mitano akavunja ahadi. Kwa Clement, mkewe alikuwa mkaguzi wa vibali vya jibini bandarini, na alishangaa jinsi jibini la Ulaya lilivyokosa adabu hata halimwachi mtu apumzike. Kisha Jumatano Imogen alirudi nyumbani akasema: twende Rye, usiku mmoja, mimi na wewe tu. Mwanamume alifurahi mpaka akapiga pasi nguo za kulalia.

Asilolijua ni kwamba Bi Pargeter alikuwa ametoa afisa wa kuigiza mume. Imogen ndiye aliyemkataa.

"Nina wangu," alisema siku ile, tena kwa kujivuna. "Hajui lolote, kwa hiyo hatakosea."

Sasa maneno hayo yalimrudia kila Clement alipotabasamu. Na siku hiyo Clement alikuwa akitabasamu sana.

"Nampigia mama simu," Imogen alisema baada ya chai. "Nateremka kule mtoni, mtandao ni mzuri zaidi."

"Msalimie. Mimi nitajikongoja polepole mpaka kanisani."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Imogen siku hiyo ilikuwa na urefu wa kutosha kumfikisha gatini, kwenye gari la mikate ambalo halijawahi kubeba mkate hata mmoja. Ndani yake mlikuwa na vijana wawili wa kitengo, mitambo ya mawasiliano ya Motorola, na amri ya Bi Pargeter: mtu wao yeyote asikikaribie kibanda mpaka asubuhi, watu wa Crake wasije wakashtuka.

Hakuna aliyekikaribia. Isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa akijikongoja.

Jioni hiyo, katika chumba namba sita cha Hoteli ya Korongo, Clement alijilaza na miwani puani na kitabu kifuani.

"Nimepata kitabu cha ufugaji wa nyuki," alisema. "Kitamu ajabu."

"Vizuri."

"Unajua malkia akitoka mzingani, nyuki wote wanajua ndani ya robo saa?"

"Mmh."

Imogen alikuwa dirishani akihesabu milango, vichochoro na hatua za kutoka kanisani hadi chini ya mtaa. Hakuuliza kitabu kimetoka wapi. Mke yeyote mwingine angeuliza.

* * *

Saa mbili kasorobo asubuhi.

Imogen aliketi kwenye benchi la uwanja wa kanisa, gazeti la Jumapili mapajani, kidude cha mawasiliano sikioni chini ya nywele. Miwani yake ya jua ilikuwa na kamera kwenye fremu. Alikuwa amemwacha Clement hotelini akifungulia maji ya kuoga, akiimba vibaya.

"Mbili, mnanisikia?" aliwauliza vijana wa gari la mikate.

"Tunakusikia, Moja. Tuko chini ya mtaa."

Juu ya saa ya kanisa, vinyago viwili vya dhahabu viligonga kengele zao za robo saa ya mwisho. Imogen alivitazama hadi vikatulia.

Saa mbili kamili mtu akatokea.

Koti la mvua la Barbour, kofia ya sufu, mbwa mdogo mwenye manyoya kama ndevu za mzee. Hata angekuja amevaa gunia Imogen angemjua. Miaka miwili nyuma, Antwerp, walikaa meza moja siku nne, Imogen akijifanya mnunuzi wa silaha kwa jina la Judith. Mlinzi mmoja wa ghala aliuona uso wa Crake kwa bahati mbaya tu, alipokuwa akimwonyesha choo kilipo. Kesho yake mlinzi aliopolewa mtoni.

Crake hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa tu hapendi kukumbukwa.

Alifunga mbwa, akafungua mlango wa kibanda. Vidole vyake vilipita rafu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Vikarudi ya kwanza.

"Moja, ana mzigo?" Bi Pargeter aliuliza sikioni.

"Bado."

Crake alisimama. Akachomoa kipande cha karatasi katikati ya vitabu. Akasoma. Halafu akafanya jambo ambalo Imogen hakuwahi kumwona akilifanya Antwerp.

Alicheka.

Akairudisha karatasi mahali pake, akamfungua mbwa, akaanza kuteremka mtaa bila haraka.

"Hana mzigo," Imogen alisema. "Anaondoka."

"Mwache. Mbili, mfuateni kwa mbali."

Imogen alingoja apinde kona. Kisha akavuka, akafungua kibanda, akaivuta ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mwalimu, alioujua tangu barua za uchumba.

*Samahani sana. Nimechukua kitabu cha nyuki bila kuacha kingine. Nina kimoja chumbani lakini moyo wangu hauwezi kupanda mlima huu mara mbili kwa siku. Nitakileta kesho baada ya kifungua kinywa. Kama kuna anayekihitaji mapema, anipitie bila kusita: Hoteli ya Korongo, chumba namba 6. Tena samahani. C. Thrale.*

Imogen aliisoma tena ile anwani.

Waziri anaweza kuiba nchi nzima asitikisike, lakini Mwingereza wa kawaida akichukua kitabu chakavu bila kuacha kingine, atakosa raha mpaka ameandika anwani yake. Clement ndivyo alivyoumbwa. Huyo ndiye mume ambaye Imogen alisema hatakosea.

Na kitabu kilikuwa kimelala usiku kucha karibu na mto wake.

"Anakwenda hotelini," alisema. "Chumba namba sita. Kitabu anacho mume wangu."



"Safi," Bi Pargeter alisema. "Atakichukua, atatoka nacho, tutamkamata mlangoni. Usiingie."

"Atamuua."

"Hatuna uhakika huo. Rada, Moja. Fikiria rada. Nakuamuru usiingie."

Imogen aling'oa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Akakimbia.

Mtaa ule ni wa mawe ya mviringo, na umande ulikuwa umeyapaka mafuta. Aliteleza mara ya kwanza, akashika ukuta. Kwenye kona alikumbana na kundi la wastaafu wenye fimbo za kutembelea, wamejaa njia nzima wakipiga picha mlango wa mtu.

"Samahani," alisema, akipenya. "Samahani. Samahani, bibi."

"Haraka ya nini, mwanangu?" bibi mmoja alimuuliza. "Nyumba hizi zimesimama miaka mia tano, hazitakukimbia."

Aliteleza tena, goti likachubuka. Hakulisikia. Alichokisikia ni sauti yake mwenyewe: nina wangu, nina wangu.

Bi Hobday, mwenye Hoteli ya Korongo, alikuwa mapokezi akimpa mbwa wa Crake kipande cha soseji.

"Mgeni wenu kapanda sasa hivi," alisema. "Mtu mstaarabu. Kafuta viatu mwenyewe, si kama wengine nisiowataja."

Imogen alipanda, akavuta pumzi tatu mlangoni pa chumba namba sita. Alipanga uso. Akafungua.

Clement alikuwa amesimama ndani ya joho la kuogea, nywele mbichi, birika la umeme likichemka mbele yake. Kwenye kiti karibu na dirisha aliketi Tobias Crake na kikombe mkononi mwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti.

"Imo, afadhali umekuja," Clement alisema. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Huyu bwana ndiye msimamizi wa maktaba ya kibandani. Kafuata kitabu, na mimi nimemtia hasara."

"Hasara gani?"

"Kimeniponyoka bafuni. Kimelowa mgongo mzima. Nimekianika kwenye bomba la moto la taulo, siwezi kumrudishia mtu kitabu kinachotiririka maji. Nimemwambia ngoja kikauke, unywe chai."

"Nami nimemwambia haidhuru," Crake alisema, macho kwa Imogen. "Mara nne."

"Haidhuru vipi, ndugu yangu? Kitabu ni cha watu wote."

Ndiyo sababu Clement alikuwa bado hai. Uungwana ule ule uliomwita muuaji chumbani ndio uliomkalisha kwenye kiti na biskuti mbili. Imogen alitaka kumkumbatia. Alitaka kumzaba kofi.

Bastola yake, Glock 26, ilikuwa bafuni, ndani ya kibegi cha vipodozi, chini ya pamba.

"Nikaangalie kama kimekauka," alisema.

"Kaa chini, Judith."

Birika likajizima. Tak.

Mkono wa Crake ulitoka mfukoni na bastola nyembamba yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Haikumwelekea Imogen. Ilielekea joho la kuogea, upande wa kushoto, pale penye kovu la upasuaji.

"Judith ni nani?" Clement aliuliza.



"Nilidhani ni mzee wa watu tu na nyuki wake," Crake alisema. "Kumbe umekuja na mume wa maonyesho. Mmemfundisha vizuri. Ile karatasi ya samahani iliniingia kabisa."

"Yeye hajui lolote. Mwache."

"Hilo ndilo wanalosema wote." Alitikisa kiwambo kuelekea bafuni. "Kilete. Mlango wazi, mikono nikiiona. Ukichelewa, mwalimu anaaga."

Imogen aliingia bafuni. Mvuke ulikuwa bado umetanda, kioo kimefunga ukungu, hakionyeshi kitu. Dirisha dogo la chumbani lilikuwa wazi ili mvuke utoke. Aliliona hilo. Aliona umbali kati ya kiti na dirisha. Aliona mkono wa Crake wenye kikombe, ambao tangu aingie haukuwa na mahali pa kukiweka.

Akakitwaa kitabu kwa mkono wa kulia. Kilikuwa kimevimba kama mkate. Wa kushoto, mvuke ukiuficha, ukaichomoa Glock kibegini, taulo likaufunika.

Akatoka.

"Nipe."

"Chukua."

Akakirusha. Hakukirusha kwa Crake, alikirusha dirishani.

Mtu aliyekitafuta kitu kwa mwaka mzima hawezi kukitazama kikipaa bila kunyoosha mkono. Crake aliinuka nusu, kikombe kikamwagika mapajani, kiwambo kikahama kwa kiasi cha shubiri moja.

Shubiri moja ilitosha.

Teke la Imogen lilimpata kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulialika. Bastola ikaruka chini ya kitanda. Crake alikuja na kichwa, Imogen akakipisha, akamshika kola na kumbamiza juu ya sinia la chai. Kufumba na kufumbua goti lake lililochubuka lilikuwa kwenye mgongo wa Barbour na mdomo wa Glock kwenye kisogo.

"Ukijitikisa nitakukumbuka vibaya," alimwambia.

Crake hakujitikisa.

Imogen alikirudisha kidude sikioni.

"Mbili."

"Moja, kuna kitabu kimeanguka kutoka angani."

"Chaneni mgongo wake."

Sekunde kumi. Sauti ya karatasi mbichi ikichanwa.

"Kadi ipo. Nzima. Rudia, mzigo tunao."

"Na fundi ninaye. Pandeni."

Vijana walipanda, wakamshusha Crake kwa ngazi ya nyuma akiwa amefunikwa koti. Chumbani wakabaki wawili, sukari iliyomwagika na kovu lililokuwa likipanda na kushuka.

Clement aliketi ukingoni mwa kitanda. Alijipima mapigo ya moyo kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa hospitali. Imogen alingoja amalize. Hajawahi kungoja kitu kwa hofu kama ile.

"Judith ni wewe," Clement alisema.

"Ni mimi. Wakati mwingine."

"Na jibini?"

"Hakuna jibini."

Clement alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia matokeo aliyoyategemea.

"Safari hii ilikuwa ya nani, Imo?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na visingizio vitatu tayari mdomoni, vyote vizuri, na alivichukia vyote.

"Ya kazi. Walinipa mtu wa kujifanya mume wangu. Nikasema nina wangu. Nikasema ukiwa hujui, hutakosea."

"Nilifaa?"

"Clement."

"Nauliza tu. Nilifaa?"

"Ulifaa sana."

"Basi vizuri." Akainuka. Alivaa shati, suruali, viatu, akafunga kamba kwa uangalifu. Kutoka chini kabisa ya begi alitoa kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa uzi. Alikifungua mwenyewe, akaikunja karatasi mara nne, akaiacha juu ya mto wa Imogen. Alichobaki nacho mkononi ni kitabu cha zamani cha ramani za nyota.

"Nilikuletea jana nikupe usiku, tukiwa dirishani," alisema. "Lakini dirisha ulikuwa unalitumia."

"Unakwenda wapi?"

"Niliandika kwamba nitaleta kitabu baada ya kifungua kinywa. Nilikusudia changu cha useremala, sasa nitapeleka hiki."

"Clement, kile kibanda sasa hakina maana yoyote."

"Kwako," alisema. "Mimi nilitia sahihi."

Alishuka ngazi moja moja. Kutoka dirishani Imogen alimwona akipanda mlima, akisimama mara mbili kushika kifua, begi begani, kitabu kwapani. Alitaka kumkimbilia. Lakini vijana walihitaji maelezo, bastola ilihitaji kuandikishwa, na Bi Hobday alihitaji kuambiwa kwamba mgeni mstaarabu ameteleza bafuni na mbwa sasa ni wake.

"Nilijua," Bi Hobday alisema. "Anayefuta viatu sana ana la kuficha."

Simu iliita.

"Kazi safi," Bi Pargeter alisema. "Wazo lako la mume lilikuwa la maana. Gari liko kanisani, nakutaka London saa tano. Kuna jambo Lisbon."

"Nimekusikia."

Alipanda ule mtaa, safari hii bila kukimbia. Land Rover nyeusi ilikuwa ikinguruma kando ya ukuta wa kanisa, mlango wa nyuma wazi. Dereva alimwamkia. Imogen alimpita, akafungua kibanda chekundu.

Kitabu cha nyota kilikuwa rafu ya pili, mahali palipokuwa wazi. Alikifungua ukurasa wa kwanza.

*Kwa Imogen. Usiku mmoja, dirisha wazi, kazi ikiwa mbali. Wako, C.*

Alisimama pale mpaka herufi zikaanza kuyeyuka machoni. Alikuwa amewaponyoka watu wa hatari katika miji saba, na hakuna hata mmoja aliyemfanya ajione mwizi. Mwizi alijiona hapa, ndani ya kibanda cha vioo, mbele ya mwandiko wa mwalimu wa useremala.

Akakitia kitabu kwapani. Sheria ilikuwa mlangoni, imemkodolea macho. Hakuwa na kitabu cha kuacha. Akaliokota gazeti lake benchini, akachana ukingo, akatafuta kalamu.

*Samahani. Nimechukua kitabu bila kuacha kingine. Nitaleta.*

Kalamu ikasita. Miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuacha mwandiko wake mahali popote. Akaandika jina lake lote. Akaandika na mtaa, na namba ya nyumba.

"Mama," dereva aliita, "wanakusubiri London."

"Waambie mapazia yamekwisha."

Akateremka kuelekea stesheni, akichechemea kidogo, simu ikiita mfukoni. Aliiacha iite.

Clement alikuwa kwenye benchi la mwisho la jukwaa, begi kando yake. Alimwona Imogen, akakiona kitabu, akatazama reli tena.

"Huwezi kuchukua bila kuacha," alisema.

"Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Samahani. Na jina langu."

Treni ilianza kusikika mbali, kwenye malisho ya kondoo.

"Lipi?" Clement aliuliza.

"La kweli."

Clement akaliinua begi lake kwenye benchi, akaliweka chini, nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi kando yake.